Mpira laini au bomba gumu? Kuchagua mzunguko wako wa kwanza wa maji ukiwa Mbeya

Mwezi wa saba kijana wa dada yangu alikuja kunitembelea Mbeya, akitokea Iringa anakosoma. Usiku ule chumba changu kilikuwa na nyuzi 14, sote tumejifunika mablanketi, na kompyuta yangu, ambayo inapozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya mipira, ilikuwa imeendesha gemu saa tatu mfululizo. Akasogeza sikio karibu na kesi, yaani kasha la kompyuta, akasikiliza, hakusikia kitu. "Mjomba, na mimi nataka ya maji," akasema.

Nikamuuliza ya maji ipi, kwa bajeti gani, na ikivuja Jumamosi usiku atafanyaje. Swali la tatu ndilo lililotukalisha mpaka usiku wa manane, na ndilo ninaloliweka mbele katika ulinganisho huu. Aliyeko Dar es Salaam anaweza kuamka akazunguka Kariakoo kutafuta kipuri. Sisi wa huku juu tunasubiri kifurushi kipande basi, kipite Kitonga, kisafiri zaidi ya kilomita 800. Kwa hiyo ninapolinganisha vifaa, kwanza naangalia kama mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe ataweza kukifungua, kukirekebisha na kukifunga tena kwa vilivyomo nyumbani. Mwonekano unafuata baadaye.

Hewa, AIO, au mzunguko wa kujijengea

Kabla ya kununua chochote, jua joto lako linatoka wapi. Mashine ya mpwa wangu ina prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya RTX 3070. Prosesa hiyo imepangiwa wati 65, kadi imepangiwa wati 220. Ukicheza gemu, joto kubwa na kelele kubwa vinatoka kwenye kadi. Sasa mtu akimshauri anunue AIO, yaani kile kipozeo cha maji kinachokuja kimefungwa tayari kutoka kiwandani, na kukiweka kwenye prosesa ya wati 65, atakuwa amepoza mahali ambapo hapakuwa na homa. Kadi itaendelea kuvuma vilevile.

Kwa prosesa kama hiyo, kipozeo cha hewa cha mnara chenye feni mbili, mfano Thermalright Peerless Assassin 120 SE, kinatosha na kubaki. Hakina pampu ya kufa wala maji ya kupungua. Feni ikichoka unafunga nyingine yoyote ya milimita 120, hata iliyotoka kwenye kompyuta ya zamani.

AIO ina mahali pake. Kesi ikiwa nyembamba kiasi kwamba mnara wa sentimita 15 au 16 hauingii, au prosesa ikiwa na njaa kama Core i9-14900K inayoruhusiwa kufika wati 253, AIO ya milimita 360 ni chaguo la busara. Ubaya wake kwa mtu wa huku ni kwamba imefungwa moja kwa moja. Maji yanapenya polepole kwenye mipira kwa miaka, pampu inachakaa, na siku ikifa hakuna cha kufungua: unatupa yote na kuagiza nyingine.

Mzunguko wa kujijengea unaunganisha prosesa na kadi kwenye maji yaleyale, halafu joto lote linamwagwa kwenye rejeta kubwa yenye feni zinazozunguka taratibu. Faida yake kubwa ni ukimya na kadi iliyopoa. Fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kwa sekunde, zinaongezeka kidogo tu. Kwa bei za nje, bloku ya kadi peke yake, yaani kile kipande kinachokaa juu ya kadi na kupitisha maji, ni karibu dola 100 au zaidi, kabla hujagusa pampu, rejeta, fitingi (viunganishi vya mipira au mabomba) na gharama ya kusafirisha. Nilimwambia mpwa wangu wazi: kama unatafuta fremu, uza kadi hiyo, ongeza fedha, nunua yenye nguvu zaidi. Kama unataka utulivu na unapenda kujenga kwa mikono yako, tuendelee. Akasema tuendelee.

Mpira au bomba

Hapa ndipo wengi wanaamua kwa macho, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi.

Bomba gumu lina aina mbili za kawaida, zote za plastiki: PETG na akriliki. PETG inakunjika vizuri kwa bunduki ya hewa ya moto na haipasuki ovyo unapoikata, lakini inaanza kulainika inapokaribia nyuzi 80. Akriliki inavumilia joto zaidi, ila msumeno ukiwa na meno makubwa au mkono ukiwa na haraka, inapasuka. Zote mbili zinahitaji kipande cha silikoni cha kuingiza ndani wakati wa kukunja ili bomba lisibonyee, msumeno wenye meno madogo, na kifaa cha kulainisha kingo. Hicho cha mwisho usikidharau. Ukingo wa bomba ulioachwa na makali unaikwaruza oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji yasivuje, wakati wa kusukuma bomba kwenye fitingi, na oringi iliyokwaruzwa inaweza kushika maji wiki mbili kisha ikaanza kutoa tone moja moja.

Mimi nilianza na PETG ya milimita 14. Ilipendeza mno, sitakataa: mikunjo ya nyuzi 90 imesimama kama askari, maji safi yanang'aa. Kisha nikahama kutoka Uyole kuja ninakoishi sasa, kompyuta ikiwa imelala kwenye godoro nyuma ya gari. Barabara ya mtaani unaijua. Bomba moja lilitoka kwenye fitingi milimita chache, na maji yakateremka juu ya kadi. Kadi ilipona kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa, nikaikausha siku tatu kabla ya kuwasha. Lakini oringi mbili zilikuwa zimekatika, na hapakuwa na akiba. Nilisubiri siku tisa. Siku hizo tisa ndizo zilizonifanya nibadili mzunguko mzima kuwa wa mpira.

Mpira laini nao una aina mbili unazopaswa kuzitenganisha. Ule wa plastiki unaoonyesha maji, yaani PVC, una kemikali za kuulainisha ambazo nyingine zinatoka taratibu na kuingia kwenye maji. Mpira unafifia na kuwa kama maziwa, na uchafu ule unakwenda kukaa kwenye mifereji myembamba ya bloku. Mpira mweusi wa EPDM hauna tabia hiyo. Hauonyeshi maji, haupendezi kwenye picha, lakini unaweza kuukata kwa mkasi mkali, kuusukuma kwenye fitingi kwa mkono, na ukikosea urefu unakata kipande kingine dakika ileile.

Kwa vipimo, mpira wa 10/16, maana yake milimita 10 ndani na 16 nje, una ukuta mnene unaopinda bila kujikunja na kuziba njia. Ule wa 10/13 ni rahisi kupitisha sehemu finyu lakini unajikunja haraka kwenye kona. Kwa mzunguko wa kwanza ningechukua 10/16 bila kusita.

Kuna jambo jingine ambalo utalikuta siku ya kwanza ya kuongeza RAM au kusafisha kadi. Kwenye mzunguko wa mpira unalegeza kadi, unaisogeza pembeni ikiwa bado imeunganishwa, unafanya kazi yako, unairudisha. Kwenye bomba gumu lazima umwage maji yote kwanza. Na ukibadilisha kadi, mikunjo yote ya zamani inakuwa ya kutupa.

Watu wengine wameniuliza kuhusu bomba la shaba, kwa kuwa mafundi friji wapo na wanajua kulikunja vizuri kuliko mimi ninavyokunja PETG. Shaba inafaa kabisa ndani ya mzunguko wenye bloku za shaba. Kikwazo ni kipimo: bomba la fundi friji linapimwa kwa inchi, na nusu inchi ni milimita 12.7, wakati fitingi za kompyuta za bomba gumu ni za milimita 12, 14 au 16 kamili. Tofauti ya milimita 0.7 inatosha kuikataa fitingi. Ukipata bomba la shaba la milimita 12 kamili, hapo una mradi mzuri sana, lakini ufanye uwe wa pili.

Pampu

Hapa sina maneno mengi. Kuna D5 na kuna DDC. D5 ni kubwa zaidi, inatulia, na inatumia wati zisizozidi 25 hivi. DDC ni ndogo, ina msukumo mkubwa kwa umbo lake, lakini inapata joto zaidi na sauti yake inasikika zaidi. Kama kesi yako si ya kubana, chukua D5 iliyounganishwa na tangi lake, kitu kimoja, kwa sababu kila kiungo unachokipunguza ni sehemu moja chini ambapo maji yanaweza kupita. D5 inauzwa na kampuni nyingi kwa majina tofauti ikiwa ni pampu ileile, hivyo hata tangi lililotengenezwa na kampuni nyingine linaweza kuipokea.

Waya wa umeme wa pampu unakwenda kwenye pawasaplai, na waya mdogo wa kupima kasi ya pampu unauchomeka kwenye sehemu ya feni ya prosesa kwenye mazabodi. Kwa njia hiyo pampu ikisimama, mashine inakupigia kelele. Umeme ukikatika ghafla, usiwe na hofu: pampu inasimama pamoja na kile kinachotoa joto. Hatari ni pampu kufa huku mashine inaendelea.

Rejeta, na hewa yetu

Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile inabeba joto jingi zaidi Dar kuliko hapa. Maji hayakuepushi na hilo, kwa sababu mwisho wa safari rejeta nayo inamwaga joto kwenye hewa hiyohiyo. Lakini tunalipwa kwa baridi. Mzunguko uliopangwa vizuri unaweka maji nyuzi 10 hadi 15 juu ya joto la chumba. Chumba cha nyuzi 20 kinakupa maji ya 30 hadi 35. Chumba cha Dar cha nyuzi 32 kinakupa maji ya 42 hadi 47, na pampu nyingi zimewekewa kikomo cha maji ya nyuzi 60. Ile asilimia 15 ya hewa tunayoikosa ni deni dogo ukilinganisha na nafuu hiyo.

Kanuni ya mafundi wengi ni sehemu moja ya milimita 120 kwa kila kifaa kinachopozwa, kisha ongeza moja. Prosesa na kadi: hiyo ni 360. Lakini usiangalie urefu tu. Rejeta ya 240 ina uso wa sentimita za mraba 288, ya 280 ina 392, na ya 360 ina 432. Kwa hiyo kama kesi haipokei 360, ile ya 280 inakaribia sana, tena feni zake za milimita 140 zinaweza kuzunguka taratibu zaidi. Usishuke hadi 240 kwa kadi ya wati 220 kama lengo lako ni ukimya. Itapoza, ila feni zitasikika.

Kuhusu unene, ile ya milimita 30 na ile ya 45 hazitofautiani sana feni zikiwa za taratibu. Angalia zaidi mapezi, yale mabati membamba ambayo hewa inapita katikati yake. Rejeta yenye mapezi yaliyobanana inataka feni za nguvu, na inakamata vumbi. Sisi tuna kiangazi cha vumbi kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, na ndio wakati wa baridi ambapo wengi wanaingiza jiko la mkaa sebuleni. Majivu mepesi yanaingia kwenye mapezi na kushikana kama pamba. (Na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua watu; hilo ni kubwa kuliko kompyuta yoyote.) Chagua rejeta ya shaba yenye mapezi yaliyoachana, weka chujio la vumbi mbele, ulipige brashi kila mwezi wa kiangazi.

Shaba, nimesema, na ninarudia. Rejeta ya alumini na bloku ya shaba kwenye maji yaleyale zinakulana: alumini inaliwa, maji yanachafuka, bloku inaziba. AIO nyingi zina mchanganyiko huo na zinalindwa na kemikali za kiwandani, kwa hiyo using'oe rejeta ya AIO ya zamani ukaiunganisha kwenye mzunguko wako. Angalia pia seti za mtumba. Kampuni ya EK iliwahi kuuza seti za alumini kwa jina la Fluid Gaming, na bloku zake hazichanganyiki na za shaba.

Maji yenyewe

Nimeulizwa kuhusu maji ya mvua mara nyingi, na naelewa kwa nini. Huku mvua zinanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na maji ya kwenye mabati yanaonekana safi kama kioo. Lakini yamepita kwenye vumbi, kinyesi cha ndege na kutu. Maji ya chupa ya kunywa yana madini ndani yake. Kuchemsha kunaua vijidudu, madini yanabaki palepale, tena yanakolea. Hayo yote yaache.

Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa. Kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri yanauzwa kama maji ya betri. Soma lebo kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana, na asidi itakula bloku na vidole vyako. Lebo isiposomeka, usinunue.

Maji hayo peke yake hayatoshi. Yanahitaji dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia mwani, inayouzwa kama chupa ndogo ya kuchanganya. Chaguo la pili ni maji ya rangi yaliyochanganywa tayari. Ya rangi angavu isiyo na chembechembe hayana shida kubwa. Yale mazito kama maziwa, ya rangi za kupendeza, yana chembe ndogo zinazoelea, na chembe hizo zinatuama kwenye bloku. Kwa mtu ambaye kufungua bloku kunaweza kumlazimu kuagiza oringi kutoka mbali, sioni sababu ya kuyaweka. Kama unataka rangi, weka taa.

Kulanti ya gari pia wananiuliza. Nyingi ina ethilini glikoli, ambayo ni sumu ikimezwa, na ladha yake tamu inawavutia watoto na mbwa. Chumba chako hakifiki kwenye barafu hata ukiwa Makete, kwa hiyo huihitaji.

Chupa ndogo ya dawa ina faida moja kubwa kwetu: ni nyepesi. Unaagiza chupa moja, maji unayapata hapahapa. Yaliyochanganywa tayari unalipia usafiri wa lita nzima, na kila mwaka mmoja au miwili unatakiwa kubadilisha.

Seti nzima au kipande kimoja kimoja

Seti inakupunguzia hofu ya kusahau fitingi. Kipande kimoja kimoja kinakupa uhuru, na kwa kampuni za China kama Barrow na Bykski kinaweza kushuka bei sana. Nyuzi za kukazia za fitingi karibu zote ni za kipimo cha G1/4, hivyo za kampuni moja zinaingia kwenye bloku ya nyingine.

Kitu ambacho hakisameheki ni bloku ya kadi. RTX 3070 haina umbo moja. Kila kampuni ina bodi yake, wakati mwingine toleo la kwanza na la pili la kadi ileile ni tofauti. Fungua kadi au soma namba kamili kwenye lebo ya nyuma, linganisha na orodha ya muuza bloku, kisha ndipo ulipe. Kwa prosesa ni rahisi: tafuta inayotaja soketi yako, mfano AM4.

Usiumize kichwa kuhusu mpangilio. Watu wanabishana kama maji yapite kwenye kadi kwanza au rejeta kwanza. Kwa mtiririko wa lita 200 kwa saa, joto la wati 300 linapandisha maji nyuzi 1.3 tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Pitisha njia fupi. Sharti ni moja: tangi liwe kabla ya pampu, na pampu isiachwe kavu hata sekunde chache.

Alichoagiza

Mpwa wangu alichagua mpira wa EPDM wa 10/16, D5 yenye tangi lake, rejeta moja ya shaba ya 360, bloku mbili, na chupa ndogo ya dawa. Kwenye kifurushi hichohicho nilimlazimisha kuongeza fitingi mbili za akiba na oringi kumi, ambazo uzito wake haufiki hata wa simu.

Siku ya kufunga alisuuza rejeta mpya kwa maji ya moto kutoka kwenye birika, akaitikisa, akamwaga, akarudia mpaka yakatoka bila vipande, kisha akamalizia kwa maji ya betri. Akaunganisha, akajaza, akawasha pampu peke yake kwa kiunganishi cha kuidanganya pawasaplai iwake, mazabodi na kadi vikiwa havina umeme, na karatasi nyeupe za chooni zimewekwa chini ya kila kiungo. Nilimwambia saa 24, si chini ya hapo. Ilipofika saa ya nane ya jaribio hilo akanipigia: "Shikamoo mjomba. Karatasi ya chini ya bloku ya prosesa ina doa."

Alikuwa ameifunga fitingi ikiwa imepinda. Akazima, akateremsha maji, akaweka oringi nyingine kutoka kwenye zile kumi, akaanza kuhesabu saa 24 upya.